Nyuzi Mbili Nyekundu

Uzi haukumbuki mguu. Ndivyo nilivyosema, na narudia, na msinitazame hivyo. Mmeniletea karatasi ya vipimo vya sare kumi na sita za kwaya, kifua hiki, kiuno hiki, na jina hata moja hakuna, halafu badala ya kuona aibu mnaniuliza methali hii imetoka wapi. Haya wanafunzi wangu wa cherehani, wekeni mikasi chini. Haikutoka kwa wahenga wa zamani. Imezaliwa hapa hapa Kwezinga, na mzazi wake ni kijana mmoja aliyekwenda Ulaya kusomea biashara.

Kijana huyo aliitwa Hizza, mjukuu wa Bi Mwantumu. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni alipochaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja Poland, na mwanafunzi wa kule aje huku kukaa katika nafasi yake. Ilikuwa miezi mitano tu. Lakini Kwezinga ilikuwa haijawahi kumsafirisha mtu wake akapita Nairobi, kwa hiyo habari ilipofika watu walikaa kikao kabla hata ya kumpa hongera. Kikao kikaamua hivi: viatu vya mtumba tunavyogombania mnadani vinatoka huko huko Ulaya. Basi Hizza atuchagulie kabla wenzetu wa mijini hawajachambua vile vizuri.

Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeijua namba ya kiatu chake mwenyewe. Sisi tulikuwa tunajaribu palepale mnadani, kikiingia kimeingia. Kwa hiyo kila mtu alisimama wima kwake, akapima uzi kutoka kisigino hadi kidole gumba, akaukata, akaupeleka kwa Hizza. Wengine walileta uzi wa katani, wengine uzi wa gunia. Mzee Shebuge alileta kamba mbichi ya mgomba. Mimi nilileta uzi mweusi wa cherehani, tena nimeukunja mara mbili usikatike. Hizza alizipokea zote kwa kucheka meno nje, na ndani akiwa amekereka, kwa sababu alikuwa anaaga ili akasome, na hakuna aliyemuuliza atasoma nini.

Bi Mwantumu alikuja wa mwisho, asubuhi ya safari. Bibi huyu ndiye aliyemlea Hizza tangu mama yake alipofariki. Alipokuwa mtoto aliangukia motoni, mguu wake wa kushoto ukaungua, vidole vyote vikaenda, ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Maisha yake yote alivaa kandambili, ile ya kushoto ameifunga kwa kitambaa. Baridi yetu ya mwezi wa sita mnaijua. Kila mwaka ukungu ukishuka, kovu lile lilipasuka likawa kidonda, na mwaka ule muuguzi wa zahanati alimwambia bila kuficha kwamba asipopata kiatu cha kuufunika mguu huo, kidonda kitaingia mfupani, na hapo itabidi ukatwe. Kiatu gani sasa? Duniani viatu vinauzwa viwili viwili, na vyote viwili ni sawa. Kwa hiyo alipima nyuzi mbili za sufu nyekundu, mmoja mrefu na mmoja mfupi, akazifunga pamoja kwa fundo gumu zisije zikaachana.

Alimkuta Hizza anafunga begi. Akamwambia, "Subiri mjukuu wangu, nikueleze. Huu mfupi ni..."

"Bibi, nimeelewa," Hizza akasema. "Uzi unatosha. Gari linanisubiri."

Bi Mwantumu akanyamaza. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na hilo nalo ni kosa, lakini siku hiyo kosa halikuwa lake. Nyuzi zake zikaingia kwenye mfuko wa plastiki wa rambo pamoja na nyingine zote, thelathini na mbili kwa jumla, na Hizza akaondoka.

Huko Poland, kiangazi cha kwetu kilikuwa theluji ya kwao. Chumba alichopewa kilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta. Wenzake walikuwa wanakula mkate baridi wenye kitunguu mchana, kila mtu na wake mkononi, bila kukaribishana. Darasani kila alichosoma kilikuwa juu ya soko na mteja, soko na mteja. Na kila akifungua begi kutafuta soksi, anakutana na ule mfuko wa nyuzi. Zilikuwa zimesokotana zikawa kitu kimoja kama kiota cha ndege. Jumamosi moja uvumilivu ukamwishia. Akakaa chini, akaanza kufumua. Palipofumuka pakafumuka, na palipokataa akatumia kisu. Lile fundo la Bi Mwantumu lilikataa.

Alipomaliza alizipanga sakafuni kutoka uzi mfupi hadi mrefu, akazipima kwa rula, akaandika jedwali zuri kwenye kompyuta. Kwa kuwa ni mtu wa biashara, akaligawa makundi matatu. Nyuzi fupi aliziita watoto, za katikati wanawake, ndefu wanaume. Uzi mmoja mwekundu uliingia kwa wanawake, mwingine mwekundu ukaingia kwa watoto. Rangi moja, sufu moja, zimekatwa na mkono mmoja, na hata kuku angesimama akatazama mara mbili. Lakini Hizza alikuwa anatazama sentimita. Kisha akachukua nyuzi zote akazitupa kwenye pipa la taka, maana jedwali lipo.

Alilipenda jedwali lile hata akalipeleka darasani, walipotakiwa kila mmoja aeleze wateja wake. Wenzake walipiga makofi. Mwalimu wao, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani ya kamba, hakupiga. Alisoma jedwali, akaweka kidole mahali pamoja, akauliza, "Huyu wa sentimita kumi na nane ni nani?"

Hizza akajibu kwamba ni mtoto.

"Mtoto wa nani?"

Hizza akatazama tena jedwali, jina hakulikuta. Mwalimu akamwambia apige simu nyumbani aulize, kisha arudi.

Nisikilizeni vizuri hapo, maana hapo ndipo ninapotaka kumzaba Hizza kofi mpaka leo. Simu ilikuwepo. Ilikuwa dukani kwa Kaniki, na namba anayo, na Kaniki angetuma mtu mara moja kumwita yeyote. Hakupiga. Alikuja kunieleza mwenyewe kwa nini. Alijua akipiga tu, kijiji kizima kitamiminika dukani, na kila mtu ataongeza jambo: kofia, redio, dawa ya mgongo. Alikuwa amechoka kuagizwa. Akajiambia yule mwalimu hajui kwetu, anatafuta tu pa kumpunguzia alama, na alama kweli akampunguzia.

Baridi ilipopungua kule, soko la mitumba likaanza kumwaga viatu vya majira ya baridi kwa kilo. Hizza alinunua siku tatu mfululizo, kwa sentimita, akiweka alama kwenye jedwali. Ili begi lisizidi uzito aliacha vitabu vyake na koti lake zito. Siwezi kusema hakujitolea. Alijitolea sana, na ndiyo maana inauma.

Alirudi mwezi wa saba, ukungu umekaa mpaka milangoni. Tulijaa uani kwa Bi Mwantumu. Mguu wa bibi ulikuwa umefungwa bendeji, na usaha ulikuwa umepenya mpaka juu ya bendeji. Hizza alimwaga viatu juu ya mkeka, akatoa karatasi yake, akasoma kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Sentimita ishirini na saba."

Tukageuka nyuma kumtafuta mwenye jina hilo.

"Sentimita ishirini na saba ni nani?"

Mzee Shebuge akamjibu, "Si tulikupa wewe? Utatuuliza sisi?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sentimita zake hakuna aliyezijua, kwa hiyo ikawa mnada uleule tuliokuwa tunaukimbia, ila sasa ndugu wanasukumana. Mimi ni mwanamke, lakini mguu wangu ni mkubwa, Mungu ndiye aliyeugawa, basi kwenye jedwali nilikuwa mwanamume. Nilipata buti lenye chuma puani. Kamba ya mgomba ya Mzee Shebuge ilikauka njiani ikapungua, naye ni mfupi kwa kuzaliwa, kwa hiyo aliangukia kwa wanawake. Vilivyomfaa vilikuwa viatu vyeusi vyenye utepe mbele. Alivitazama muda mrefu, akauliza kwa adabu kama huko Poland ndivyo wanavyovaa wazee. Wapo waliorudi nyumbani na viatu mkononi bila kuaga. Vile vya sentimita kumi na nane, vya mtoto, vyenye taa zinazowaka kwenye soli ukikanyaga, vilichukuliwa na jirani yetu Mwajabu kwa ajili ya mwanawe.

Bi Mwantumu hakusukumana. Alikaa juu ya kigoda chake akisubiri wengine waishe. Walipoisha, mkekani palikuwa na jozi moja, viatu vya ngozi vya rangi ya kahawia vyenye manyoya ndani. Hizza akapiga magoti akamvisha wa kulia. Kiatu kiliingia sawasawa, bibi akacheka kidogo. Kisha Hizza akachukua kiatu cha kushoto, akaunyanyua mguu wenye bendeji ili auvishe.

Akabaki ameushika.

Hakuhitaji kuambiwa. Mguu ule aliufahamu kuliko alivyofahamu darasa lolote. Tangu ana miaka sita yeye ndiye aliyekuwa anaupaka mafuta ya nazi kila jioni ya baridi. Angepewa gizani angeujua. Lakini alikuwa ameuona sakafuni kule Poland, mwekundu, urefu wa sentimita kumi na nane, akauita mtoto, akautupa.

Akasema, "Bibi, mbona hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia."

"Nilidhani uzi unatosha."

Bi Mwantumu alimtazama. Hata yule mtu wa kunyamaza alikuwa amechoka kunyamaza siku hiyo. "Uzi haukumbuki mguu, Hizza," akasema. "Uzi ni uzi tu. Wa kukumbuka ulikuwa wewe."

Tuliokuwa tumebaki uani tuliinamisha vichwa, na mimi na buti langu. Nani kati yetu alikuwa ameandika jina? Tulimkabidhi kijana furushi la nyuzi, tukaona tumeagiza.

Hizza akatoka, akaenda kwa Mwajabu. Alimkuta mtoto anazunguka nyumba akikanyaga kwa nguvu ili taa ziwake. Hakueleza mengi, alisema tu kwamba kile cha kushoto ni cha bibi yake na kwamba yeye ndiye aliyekosea. Mwajabu, ambaye alikuwa ameuona ule usaha, alimvua mtoto kiatu huku mtoto analia mpaka kijiji cha pili kikasikia.

Kwa hiyo Bi Mwantumu alivaa mguu wa kulia ngozi ya kahawia yenye manyoya, na wa kushoto kiatu cha mtoto chenye picha ya sungura. Siku ya kwanza kwenda shambani tulimwona kwenye ukungu kabla hatujamtambua, taa nyekundu inawaka, inazima, inawaka, inazima. Vijana wakacheka. Hizza alikuwa nyuma yake amebeba jembe, akawaambia wacheke, wamcheke yeye.

Wiki iliyofuata alipita nyumba hadi nyumba na daftari. Hakuuliza sentimita. Aliuliza jina, akaomba kuuona mguu, akauliza unapita njia gani na unaumia wapi. Kwangu alikaa saa nzima, na buti alilichukua akaenda kulibadilisha mnadani. Siku hizi ana duka la viatu mjini, na huko anakera wateja kwa maswali, lakini wanarudi.

Taa za kile kiatu zilizimika baada ya miezi michache, kama vitu vyote vya mtumba. Kidonda kilikuwa kimeshafunga. Mguu haukukatwa, na Bi Mwantumu alizikwa nao miaka kumi na moja baadaye.

Sasa chukueni karatasi yenu. Mlima ni huo, upandeni, wanakwaya wako kanisani huko juu mpaka saa kumi. Nendeni mkamtazame kila mmoja mwilini, mniletee na jina lake, na yule dada mjamzito mwulizeni ana miezi mingapi. Mimi cherehani siigusi mpaka mrudi. Uzi haukumbuki mguu.