Mzinga wa Marehemu Sekiete

Sogeeni, wajukuu. Mmesogea? Masikio mmekuja nayo? Haya.

Kale, kale hasa, milima hii ilipokuwa bado haijapewa majina, aliishi mrina asali aitwaye Sekiete. Aliugua, akaugua, mwaka mzima hakupanda mti. Akafa. Akamwacha binti mmoja tu, Namkunda, na mizinga mingi msituni.

Enzi hizo, mtu akifa, hakuna aliyegusa mizinga yake mpaka matanga yaishe na wafiwa wanyolewe. Aliyepanda kabla, urithi ulimponyoka. Chediel, toa kidole puani unisikilize.

Basi mdogo wake marehemu, Kirumbi, mfugaji wa nyikani, akapanda mlima siku ya mazishi. Kabla ya siku ya kunyoa akamshtaki Namkunda kwa Mfumwa, mtawala wa milima.

"Binti huyu amevuna mzinga wa kwenye mvule," alisema. "Mali ni yangu sasa. Yeye atakuja kusaga nafaka kwangu."

"Sikupanda, baba mdogo," alisema Namkunda.

Msichana hakuruhusiwa kusema zaidi barazani. Alitetewa na mnenaji, na mnenaji wake alikuwa Makange, mtu mpole, mpole mno, mpaka watu walidhani anasinzia.

"Pole na msiba, Kirumbi," Makange alianza.

"Nimepoa."

"Mwaka huu, kabla ya msiba, wewe ulikuwa umeshafika huku mlimani?"

"Nifike saa ngapi, na ng'ombe je? Nimefika siku tuliyozika."

"Ukapokewa vizuri. Sasa huo mzinga, labda ulikuwa mtupu siku zote. Nyuki huhama."

Kirumbi akacheka. "Wewe ni mtu wa mbuzi, Makange, nyuki utawajulia wapi? Ulijaa ule. Masega yameshonana mpaka mlangoni. Ya juu meupe, ya nyuma yameiva rangi ya kahawia."

Wazee wakatikisa vichwa. Kweli, Kirumbi alijua nyuki.

"Labda marehemu alivuna mwenyewe," alisema Makange, polepole.

"Mtu wa kitandani avune nini?"

"Kweli. Basi hayo masega meupe uliyaona lini?"

Wajukuu, Kirumbi akaanza kukuna kisogo.

"Nilichungulia tu," alisema Kirumbi.

"Mzinga uko juu ya mvule," alisema Makange. "Ulichungulia ukiwa umesimama chini?"

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Kirumbi akatazama miguu yake, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba asali ile aliila siku ya pili ya matanga.

Mfumwa akasema, "Mizinga ni ya binti. Na wewe, Namkunda, sema mwenyewe: huyu tumfukuze sasa hivi?"

Namkunda akamtazama baba yake mdogo. Halafu akasema, "Abaki anyolewe nasi. Amefiwa na kaka yake, ila hajapata nafasi ya kumlilia."

Hapo ndipo Kirumbi alipolia. Alilia mpaka wakamshika mabega.

Wajukuu zangu, mtu akifa, mlilieni kwanza. Mali haina miguu, mtaikuta.

Kisa nimekitua hapa kama mzigo. Mwenye mgongo akibebe, mwenye usingizi akalale.