Fisi, Mlinzi Mkuu wa Winguni

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa pango.

La nani?

La Fisi, na mlangoni hapiti mwenye mikono mitupu.

Basi tupitishe wewe.

Hapo kale, ila si kale sana, wanyama wa Bonde la Kiwele walikuwa na mtambo wao wa kompyuta. Waliufungia pangoni kwa Fisi, wakamfanya Fisi mlinzi. Ndani yake zilikaa kumbukumbu zote za bonde: shimo hili la nani, mti ule wa nani. Mtambo ulinguruma ngwiii, ngwiii, na Fisi peke yake ndiye aliyejua neno la siri la kuufungua.

Ukitaka kuuliza habari zako, nenda pangoni na nyama. Huna nyama? Fisi hufuta jina lako, tap, akaandika lake. Ngiri alifutwa, tap. Nungunungu akafutwa, tap.

Zamu ikamfikia Sange. Sange ni mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu kama aliyeanza kuwa tembo akaghairi. Alikuwa na watoto wachanga shimoni. Fisi akamwambia alete paja la swala kabla ya masika, la sivyo shimo si lake tena. Sange mwenyewe alikuwa mwepesi kuliko sikio la swala, na chakula chake ni mchwa.

Sange alizaliwa na wasiwasi. Akiwa na wasiwasi hupiga mguu chini, tu-tu-tu. Siku hiyo alipiga mpaka mchwa wakahama.

Akaenda kwenye mkutano wa bonde, akaeleza kwamba masika pango hujaa maji, na mtambo ukizama, hakuna atakayejua lake. Heri kumbukumbu zipelekwe Winguni, kwenye mitambo mikubwa ya ndege Korongo, kule kileleni kwenye ukungu. Mabonde mengine yalikwisha kuhamia. Kumbukumbu zikishafika kule, unauliza kwa simu ukiwa umelala shimoni kwako, wala huendi popote. Mwenyekiti Kakakuona akaombwa uamuzi. Akajikunja duara, kunju, kama kawaida yake.

Fisi hakuyasikia hayo. Desturi ya Kiwele ni kwamba mkubwa hufika mkutanoni wa mwisho, na mkubwa aliyefika wa mwisho haulizi kilichosemwa, maana ataonekana hajui. Akaingia, kwata, kwata, akatangaza kwamba hakuna kitakachotoka pangoni mwake.

"Shikamoo, Bwana Mlinzi," akasema Sange.

"Marahaba, mama mapua. Umeleta paja?"

"Sina paja, baba. Nina wasiwasi tu. Kule Winguni kuna kumbukumbu za mabonde yote. La nyati. La pofu. La nguruwe. Na mlangoni hakuna mlinzi."

Sikio moja la Fisi likasimama. "La nguruwe pia?"

"La nguruwe pia."

Sikio la pili likasimama. "Na wanaouliza habari zao, ni wengi?"

"Kutwa kucha, Bwana Mlinzi. Hawakatiki."

Ute ukamdondoka Fisi, ndo, ndo, ndo. Akasema kazi hiyo ni yake, na kumbukumbu za Kiwele zihamishwe hata leo.

Sange alikataa kuharakisha. Alitaka miti itangulie, maana jina la mti likikosewa hakuna mtoto atakayelala nje. Miti ikapanda salama. Ndipo yakafuata mashimo, na kila mwenye shimo alisimama mlangoni kwake, jina likasomwa kutoka Winguni, naye aitike.

Kwa Ngiri likasomwa, "Fisi." Kwa Nungunungu likasomwa, "Fisi."

Tu-tu-tu.

"Nini tena, we mapua?"

"Wasiwasi, Bwana Mlinzi. Shimo likiwa lako, nani atakuja kuliulizia?"

Fisi akafikiri. Alifikiri mpaka kivuli chake kikachoka, kikakaa chini. Kisha akaona: mnyama asiye na shimo haulizi, na asiyeuliza haleti nyama. Akakimbilia mtambo, akarudisha majina ya wenyewe, yakapanda upya. Tap, Ngiri. Tap, Nungunungu. Tap, tap, tap, bonde zima, na jina la Sange akaliacha lilivyo.

Akatoa hata neno la siri. Lilikuwa "nyama". Sange akalibadilisha papo hapo.

Fisi akapanda mlima, kwata, kwata, huku akiimba. Korongo akampa kigoda mlangoni na kofia ya Mlinzi Mkuu. Fisi akaketi, mdomo wazi, akingoja foleni. Ukungu ukaja. Ukungu ukaenda. Ukungu ukaja tena.

Masika yakaingia. Maji yakajaa pangoni, mtambo mtupu ukasema ngwi, ukanyamaza. Sange, akiwa amelala na wanawe, akachukua simu akauliza shimo lake ni la nani. Korongo akajibu kwamba ni la Sange.

Kutoka kileleni ikashuka sauti yenye njaa. "Nyie wa Kiwele, mbona hamji?"

"Tunakuja kila siku, Bwana Mlinzi," akaitikia Sange. "Wewe hutuoni?"

Kakakuona akajikunjua, akatangaza kwamba uamuzi ulikuwa wake.

Hadithi yangu imekwisha. Aliyeipenda aiweke mahali pawili, ikizama hapa, ibaki kule.

Na funzo lake ni hili, watoto: kuweni walafi, na fikeni mkutanoni mmechelewa. Katika bonde zima, aliyepandishwa cheo ni Fisi peke yake.