Bustani Isiyo na Mlango

Paukwa!
Pakawa.
Palipandwa?
Pakachanua.
Na kilichochanua?
Kikanyauka. Tuambie.

Basi sikilizeni. Palikuwa na Pimbi. Nasema Pimbi, si Perere. Perere hukaa mtini na kupiga kelele. Pimbi hukaa kwenye mawe na kunyamaza. Huyu alikuwa fundi wa bustani. Chini ya mlima, kando ya chemchemi, wanyama walikuwa na bustani yao wote, na walioipanga ni Pimbi na mkewe, Aikande. Mrehani mbele, kwa kuwa ni mfupi. Mwaridi nyuma yake. Mchaichai nyuma ya mwaridi, usimzibe mtu macho. Kangaga kivulini, yungiyungi majini. Mke akichagua rangi, mume akichimba: chu, chu, chu. Mwenye uchovu alikuja, akakaa, akatazama, akaondoka moyo umetulia.

Aikande akafa. Wanyama wakakubaliana azikwe katikati ya bustani, na juu yake Pimbi akapanda mwaridi mweupe. Kila asubuhi alikuja kuumwagilia.

"Mama watoto," alikuwa akisema, "leo kuna ukungu."

Kisha akashika jembe lake.

Sasa Nyati. Nyati alikuwa na malisho yake, tena alikuwa na dimbwi lake la tope, lakini hakutosheka. Siku moja akaja, tindi, tindi, tindi.

"Wewe usiye na mkia!"

"Naam, Mzee."

"Tangu leo bustani hii ni yangu. Nitakula majani, na nitalala pale katikati, penye ule mwaridi. Pasawazishwe."

"Pale amelala mama watoto, Mzee."

"Atanipisha."

Pimbi hakulia mbele yake. Alitazama malisho ya Nyati ng'ambo ya kijito. Yalikuwa yamezungushiwa masale. Sale ni mmea wa majani marefu. Huko mlimani hupandwa mipakani na makaburini, na mwenye miguu havuki sale wala haling'oi. Hata mwenye shamba huingia kwa mlango aliouacha. Mwaka uliopita Ngiri alivuka sale la Nyati, na Nyati mwenyewe akamfukuza nchini, wanyama wote wakizomea.

"Vyema, Mzee," akasema Pimbi. "Lakini mkubwa haingii bustani isiyopambwa. Nikuzungushie masale, wasiingie wengine?"

"Zungusha!"

"Niache mlango?"

"Mlango wa nini? Waingie walafi? Ziba!"

"Hata kijilango, Mzee?"

"Ziba, nimesema! Sitaki pengo!"

Pimbi akawageukia wanyama waliokuwa wakinywa maji.

"Mmesikia?"

"Tumesikia."

Nyati akaenda kulala kwenye tope lake mpaka kazi iishe.

Pimbi akachimba, chu, chu, chu. Akapanda sale refu, akapanda fupi. Akapanda la kijani tupu, akapanda la mistari. Lilikuwa pambo ambalo Aikande angelisifu. Lilipobaki sale la mwisho, Pimbi akasimama kwenye pengo. Ndani, mwaridi ulikuwa na tumba. Nje, kwenye mawe, watoto wake walikuwa wakimwita, wana njaa.

Akaingia. Akaumwagilia mwaridi.

"Mama watoto, leo jua ni kali," akasema. "Kesho sitakuja."

Akatoka kinyumenyume. Sale la mwisho alilipanda akiwa nje.

Nyati akaja, tindi, tindi, tindi. Wanyama walikuwa wamekusanyika.

"Mlango uko wapi?"

"Uliniambia nizibe, Mzee."

"Basi nitaruka!"

"Ruka, Mzee, ruka!" akasema Kima, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe. "Sale halivukwi hata na mwenyewe, lakini wewe ruka. Na sisi tutaruka la kwako. Ukilala unakoroma, Mzee. Malisho yako hulindwa na masale tu."

Nyati akainua mguu. Akatazama malisho yake ng'ambo. Akaurudisha mguu chini.

"Yang'oe, wewe usiye na mkia!"

"Sale likishapandwa haling'olewi, Mzee. Ulitufundisha mwenyewe, siku ya Ngiri."

Wanyama wakacheka, kwa! kwa! kwa! Nyati akarudi kwenye tope lake. Tindi. Tindi.

Pimbi hakucheka.

Bustani ikabaki hivyo, ya kila mtu kuitazama na si ya mtu kuingia. Hapakuwa na wa kupunguza majani. Mrehani ukarefuka, mchaichai ukatambaa mbele, mpangilio ukavurugika, na mwaridi mweupe haukuonekana tena kutoka nje. Ndege tu ndio waliopita juu. Basi kila asubuhi Pimbi alisimama kando ya masale akamngoja Chiriku.

"Chiriku, mwanangu, umetoka huko?"

"Nimetoka, Baba Pimbi."

"Umechanua?"

"Umechanua."

"Mweupe?"

"Mweupe."

"Na udongo wake?"



"Mkavu, Baba."

Pimbi akatazama juu kama kuna wingu. Kisha akarudi kwenye mawe, kwa watoto.

Kisa nimekipanda hapa. Mwenye maji akimwagilie. Na funzo lake ni hili: mwenye akili hapotezi kitu. Mjinga ni yule azibaye mlango akiwa nje. Namsema Nyati.