Kiti cha Mwangalizi wa Baragumu

Hapo zamani, sauti ya mtu ilipokuwa bado haijajua kupita kwenye waya, kulikuwa na nchi ya vilima ambayo habari zake zote zilikwenda kwa baragumu. Aliyefiwa alipigiwa baragumu, mwenye harusi alipigiwa, mwenye uchungu wa kuzaa alipigiwa akaletewa mkunga. Mpiga wa kilima hiki alimpokeza wa kilima kile, mpaka habari ifike. Na kila nyumba, ya tajiri na ya maskini, iliwalisha wapiga kwa mavuno yake.

Jumbe wa nchi hiyo hakuwa mjinga. Alijua mwenye pembe akiachwa peke yake atampigia amtakaye. Basi akaweka Mwangalizi wa Baragumu, awasimamie wapiga kwa niaba ya raia. Siku ya kutawazwa, raia walimpa Mwangalizi chungu kipya, naye akaapa: "Nitakula cha chungu hiki. Cha wapiga sitakionja." Maana anayekula kwako hawezi kukuhukumu.

Mwangalizi wa wakati huo aliitwa Mgaza, bwana wa maneno laini. Watu wa vilima vya juu wakamwendea: "Mwangalizi, baragumu zetu hazifiki bondeni." Akasema, "Ni upepo, jamani." Wakafiwa, ndugu zao wasijue hata maiti akazikwa. Wakamwendea. "Ni upepo, jamani." Wapiga wakadai nyongeza ya mavuno, Mgaza akawakubalia, ati kushindana na upepo ni kazi nzito. Upepo gani huo unaochagua maskini, mimi sijauona.

Huko juu aliishi Mashavu, mjane msuka mikeka, na binti yake Semeni. Semeni aliposhikwa na uchungu, baragumu ya kumwita mkunga ilipigwa. Mkunga alikaa bondeni, na kati yao kulikuwa na Kilima cha Kati, ambako mpiga alipaswa kupokea. Kilima cha Kati kikanyamaza. Ikapigwa tena, kikanyamaza. Mtoto akafa. Mashavu alimviringisha mjukuu wake kwa kanga, akashuka kwa Mgaza akilia, akaambiwa, "Pole, mama. Ni upepo."

Semeni akapata mimba nyingine, ikakomaa. Safari hii Mashavu hakwenda kwa Mgaza. Alikwenda barazani kwa Jumbe, bondeni, mbele ya watu wote.

"Unajua sheria?" Jumbe akamuuliza. "Anayemshitaki Mwangalizi akashindwa, huhamishwa nchi."

"Naijua, Jumbe. Nimeshaaga." Akawageukia watu. "Mwangalizi huyu si wetu. Ni wa wapiga. Sisi tukilia, yeye ndiye anayewajibia. Mjukuu wangu amekufa nikaambiwa upepo. Binti yangu anakaribia kujifungua tena, na sitaki kuambiwa upepo!"

Siku hiyo upepo ulikuwa unavuma kweli. Jumbe akaamuru baragumu ipigwe kutoka pale barazani. Ikapigwa. Kilima cha Kati kimya.

"Si nilisema?" Mgaza akacheka.

Hapo akatoka mpiga mmoja, jina lake Mhina. Akatwaa pembe yake, akapanda Kilima cha Kati watu wakimtazama, akapiga. Ikasikika, tena vizuri, katika upepo ule ule, na vilima vya juu vikaitika. Aliporudi alisema, "Pale hapana mpiga. Mkuu wetu alisema kuna baridi, na huko juu hakuna watu wa maana. Tumekaa bondeni tukila mavuno yao. Mimi pia nimekula." Wenzake wakampokonya pembe, wakamfukuza katika chama cha wapiga palepale.

Lakini Mgaza alikuwa na akili za sungura. "Kumbe nami nimedanganywa!" akasema, mikono kichwani. Watu wengine wakaanza kumwonea huruma. Nanyi mnaona mambo yalivyogeuka: kama Mwangalizi amedanganywa, hana kosa, na kama hana kosa, Mashavu anahamishwa, Semeni anabaki peke yake na tumbo lake.

Ndipo Siwema, mke wa Mgaza, alipoinuka akaenda nyumbani, akarudi na chungu kile cha kiapo kichwani. Akakipindua mbele ya Jumbe. Tako lake lilikuwa safi, halina masizi hata chembe.

"Hakijawahi kuona moto," alisema. "Tumekula mbuzi wa mkuu wa wapiga tangu siku ya kiapo. Na hilo neno la upepo walilitunga mkekani kwangu, mimi nikiwapakulia."

Mgaza akampa talaka hapo hapo. Jumbe naye akamvua Mgaza cheo, na mkuu wa wapiga akapelekwa Kilima cha Kati akapige mwenyewe, na baridi yake. Watu walishangilia! Lakini kiti cha Mwangalizi kikabaki wazi, na watatu wakakitaka: Mashavu, Mhina na Siwema.

Mashavu alisema, "Nilianza mimi. Hawa wenzangu walijua wakanyamaza." Watu wakamjibu, "Kweli, mama. Lakini baragumu huijui. Kesho watakutungia upepo mwingine, nawe utaamini."

Mhina alisema, "Mimi hila zao nazijua zote. Hawanidanganyi." Wakamjibu, "Umekula nao miaka. Wakikurudishia pembe yako, hutakuwa mwenzao tena?"

Siwema alisema, "Nilimwona mume wangu akinunuliwa kidogo kidogo, leo mbuzi, kesho sifa. Njia wanayoingilia naijua." Akajibiwa na mwanamke mmoja, kwa uchungu: "Mtoto wa Semeni alipokufa, wewe si ulikuwa unapakua?"

Jumbe akamwambia Mashavu, "Kesi ni yako. Chagua wewe. Hata ukijichagua mwenyewe, ni halali."

Mashavu hakuwa na hofu tena. Hofu aliiacha nyumbani alipoaga. Aliwaza jambo moja tu: Semeni yuko huko juu, uchungu utamshika siku yoyote, na baragumu itapigwa. Akamtazama Mhina, akamtazama Siwema, akaitazama mikono yake mwenyewe iliyomviringisha yule mtoto. Kisha akainua kidole.

Je, nani alistahili? Msinijibu kama watu wa barazani, ambao jioni walirudi kwao wakalala. Nijibuni kama mama yake Semeni: kidole hicho mngemwelekezea nani?