Kupe wa Miguu Saba

Jambo la mwisho la kawaida katika maisha ya Nyani lilikuwa hili: mkewe alimwambia ainamishe kichwa, akamtoa kupe nyuma ya sikio, akamng'oa kupe yule mguu mmoja kisha akamtupa mbali.

"Kwa nini unawang'oa mguu?" Nyani aliuliza, kama alivyouliza miaka yote.

"Ili akirudi nimjue. Tulia, bwana, bado mmoja."

Mchana wa siku hiyo Chui alishuka kutoka mwambani. Jioni Nyani alirudi nyumbani peke yake.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Mto ulikatika vipande, vipande vikakauka, likabaki dimbwi moja katika nyika nzima. Simba, ambaye hakupenda kusukumana na watu wa chini, aliamuru kila mnyama apate zamu moja ya kunywa kwa siku. Zamu zilizobaki alijipa mwenyewe. Hapakuwa na maji ya kuoga wala tope la kugaagaa, na ndege wanaodonoa kupe walikuwa wamehamia nchi yenye majani. Kupe walinenepa, wanyama wakakonda.

Siku ya tatu ya matanga, Sungura alikuja kutoa pole. Alikaa mkekani kwa muda unaostahili, kisha akasema, "Pole sana, mzee wangu. Msiba ni mzito. Vidole unavyo vyote kumi?"

"Ninavyo."

"Basi Mungu hajakutupa. Nimeanzisha kampuni. Tunawafuata wanyama walipo, tunawachana, tunawatoa kupe, tunawakwangua kwato. Mteja haondoki kivulini kwake. Mimi nina akili, Fisi ana mgongo wa kubeba tenga, tumekosa vidole tu."

Nyani hakuwa na hamu ya kazi, lakini vidole vyake vilikuwa vimekaa bure siku tatu, na hakujua pa kuviweka. Akakubali.

"Sharti ni moja," alisema Sungura. "Usimle kupe mbele ya mteja. Najua ndiyo desturi yenu, lakini inatuondolea hadhi. Mtie kwenye kibuyu. Fisi atawachoma jioni."

Kampuni ilikuwa na vifurushi vitatu. Cha kwanza kilikuwa manyoya. Cha pili, manyoya na kwato. Cha tatu kilikuwa manyoya, kwato na sifa: Nyani akichana, Sungura alisimama mbele ya mteja na kumweleza jinsi alivyo mzuri. Malipo yalikuwa zamu ya kunywa. Mteja alimpa Sungura zamu yake ya siku hiyo, na Sungura na Fisi walikunywa kwa niaba yake.

Kazi ilishika. Nyati alisafishwa, Pundamilia akasafishwa, Ngiri akataka kifurushi cha tatu na kukirudia kwa ajili ya sifa. Mwezi haukuisha kabla wateja hawajawa safi na wenye kiu, na Sungura akawa anaoga asubuhi na jioni.

Mmoja wa wateja alikuwa Bi. Swala, aliyezaa katikati ya ukame. Nyani alipofika kwake mara ya tatu, alimkuta amesimama juu ya mtoto wake, mbavu zinahesabika.

"Mzee, jana tu ulinisafisha," alisema. "Tazama leo. Hata mtoto wamemjaa, kwenye masikio. Ngozi yetu ina laana gani?"

"Umekunywa lini, mama?"

"Jana sikunywa. Juzi sikunywa. Zamu ya leo bado ninayo, nilikuwa naificha. Nikiitoa hii maziwa yatakatika. Nisipoitoa, kupe watammaliza kabla ya njaa. Niambie wewe, mzee, nichague kipi?"

Nyani akainama. Alimtoa kupe mmoja sikioni mwa mtoto, akamgeuza juani. Kupe ana miguu minane. Huyu alikuwa na saba. Akatoa wa pili: saba. Wa tatu: saba. Tangu siku ya kwanza ya kazi alikuwa akiwang'oa kupe wote mguu mmoja kabla ya kuwatia kibuyuni. Hakumwambia mtu yeyote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haja ya kujua.

Alikiinua kibuyu cha jana kutoka kwenye tenga, akakinusa. Kibuyu kilichomiminwa motoni hunuka moshi. Hiki kilinuka Fisi.

"Usimpe mtu zamu yako," alimwambia Bi. Swala. "Ningoje."

Alimkuta Sungura akijikausha masikio.

"Kupe wa jana wako kwa Bi. Swala," alisema Nyani.

Sungura hakushtuka. "Umechelewa kugundua, mzee wangu. Mnyama aliye safi ni mteja aliyepotea. Fisi hutangulia na kuwamwaga, sisi tunafuata na kuwaokota. Kupe ni walewale, gharama hakuna. Hiyo ndiyo biashara endelevu."

"Yule mama ana mtoto."

"Wote wana watoto. Unadhani wanalipa kwa kunipenda mimi?" Akakunja kitambaa chake vizuri. "Nitakupandisha cheo. Mkurugenzi wa Vidole. Na kama una mpango wa kwenda kusema, fikiri kwanza. Kila kupe wa nyika hii amepita mikononi mwa nani? Mwangu? Mimi hata kuwagusa siwezi, nina mzio."

Nyani aliitazama mikono yake. Sungura alikuwa amesema kweli, na ndiyo sababu alisema kwa utulivu.

"Chukua kitana," alisema Sungura. "Simba anatungoja. Kifurushi cha tatu, na baraza zima litakuwepo."

Fisi alikuwa ametumwa mapema na kibuyu kikubwa, chenye kupe wa siku nne, ili ayaandae malazi ya Simba wakati mwenyewe yuko dimbwini. Aliambiwa amwage wote. Alimwaga nusu, akajificha kichakani. Nusu iliyobaki ilikuwa imevimba kwa damu ya Nyati, na harufu yake ilimpata Fisi pabaya.

"Mmoja tu," alijiambia. "Nionje, niondoke."

Shingo ya kibuyu ilikuwa nyembamba na Fisi hakujua kuonja kidogo. Alisukuma pua, akasukuma taya, kisha akagundua kwamba kichwa kilichoingia hakitaki kutoka. Ndani humo, kupe wasioshiba walikuwa wamepata mgeni.

Hivyo ndivyo baraza lilivyomkuta baadaye: amepapasa njia hadi mlangoni pa Simba, kibuyu usoni, akitoa sauti kama ngoma iliyofungwa gunia.

"Hiki nini?" aliuliza Simba huku akijikuna shingo.

"Barakoa ya usafi, Mtukufu," alisema Sungura bila kupepesa jicho. "Hatutaki mfanyakazi akupumulie. Ni kwa wateja wa daraja lako tu."

Simba aliridhika. Ngiri alinung'unika kwamba yeye hakuwahi kupewa huduma ya barakoa.

"Anza," Simba alimwambia Nyani. "Wananila tangu nilale kidogo mchana. Na wewe Sungura, anza sifa."

"Mtukufu, jua lenyewe likikuona..."

"Mtukufu," alisema Nyani. Alikuwa ameshatoa kupe mmoja na kumweka juu ya mguu wa Simba. "Kabla ya sifa, naomba uhesabu miguu ya huyu."

Baraza likasogea karibu.

"Simba hahesabu," alisema Simba. "Nyati, hesabu."

Nyati aliinama mpaka pua ikagusa. "Mmoja, miwili... Saba."

"Inatakiwa iwe minane," alisema Nyani. "Mmoja niliung'oa mimi, nilipomtoa huyu mgongoni kwa Nyati. Kutoka mkononi mwangu aliingia kibuyuni, na kibuyu nilimkabidhi Fisi ili awachome kupe. Sikupanda mwenyewe kitandani kwako kumleta."

"Mmesikia!" Sungura aliruka. "Amekiri! Mikono ni yake!"

"Mikono ni yangu," alisema Nyani. "Mtoeni Fisi barakoa."

Nyati alikanyaga kibuyu, Pundamilia akavuta mkia. Fisi alitoka kwa mlio wa kizibo, midomo imevimba, pua yote imepambwa kupe.

"Ni yeye!" alilia, akimwonyesha Sungura. "Aliniambia nimwage wote kitandani! Kwa Mtukufu, kwa Swala, kwa wote! Mimi nilitaka kuonja tu!"

"Hao ni wangu!" alinguruma Nyati. "Hiyo damu yangu!"

Simba alisimama. Baraza lilitegemea atasema neno juu ya udanganyifu, au juu ya kiu ya raia wake.

"Yaani," alisema polepole, "kupe walio katika manyoya yangu wameshatumiwa na Nyati?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Hukumu ilitoka kwa sababu hiyo, lakini ilitoka. Zamu zote zilirudi kwa wenyewe, kuanzia kesho. Sungura na Fisi wangekunywa wa mwisho kila siku, nyuma ya Kobe, ambaye hunywa kwa kutafakari.

Watu walipotawanyika, Fisi alimfuata Nyani akichechemea. "Kaka, nisaidie pua. Nakuomba."

"Kifurushi kipi?" aliuliza Nyani.

Fisi akaangua kilio. Nyani akamkalisha chini, akamtoa kupe wote, mmoja mmoja. Aliwachoma yeye mwenyewe, akasimama pale mpaka moto ukazimika.

Asubuhi yake, jua lilipokwisha kupanda, alikwenda kwa Bi. Swala bila tenga wala kitana.

"Nilisikia," alisema Bi. Swala. "Sijui nikulipe nini, mzee. Zamu yangu ya leo..."

"Kainywe."

"Na mtoto? Hawezi kutembea hadi dimbwini, na Chui yuko upande huu."

"Najua alipo Chui," alisema Nyani. "Nenda, mama. Nitakaa naye."

Bi. Swala aligeuka mara mbili kuwatazama, kisha akashika njia ya dimbwini. Nyani aliketi upande wa jua, ili kivuli chake kimwangukie mtoto.