Refa Aliyemuuliza Daktari Maswali Yote

Wapendwa wa kundi hili, someni mpaka mwisho ndipo mtume kwa wengine. Najua mnavyopenda kurukia mstari wa chini kabisa halafu mnaweka kidole gumba. Leo tulieni kidogo, hata kama kisa chenyewe kinamhusu mtu ambaye kutulia kulimshinda.

Katika mji mmoja wa nyanda za juu, wenye baridi asubuhi na vumbi mchana, aliishi refa wa mpira aitwaye Zabroni Kihwelo. Refa mzuri, mwenye mbio, asiyenunulika kwa soda. Lakini alikuwa na siri moja, na mjini pote aliijua mke wake tu, Atukuzwe. Zabroni hakuona mbali. Bila msaada, mchezaji aliyesimama kwenye kibendera cha kona kwake alikuwa ukungu mtupu.

Akiwa ndani ya nyumba alivaa miwani mizito. Akitaka kutoka aliivua, akaweka lenzi, vile vioo laini vidogo vinavyokaa juu ya jicho lenyewe. Hakuna mtu wa nje aliyewahi kumwona na miwani. Na sababu mnaijua. Refa akivaa miwani, shabiki ana haja gani ya kutafuta tusi? Refa mwenyewe ameshamletea.

Aliyemwogopa zaidi ni Chogo. Huyu Chogo alikuwa fundi baiskeli na kiongozi wa mashabiki, mwenye sauti isiyohitaji spika. Siku ya mechi alisimama nyuma ya goli na kumsema refa kuanzia filimbi ya kwanza. Atamsema viatu, atamsema kitambi, atamsema mpaka uji aliokunywa asubuhi. Watu walimcheka refa kuliko walivyotazama mpira.

"Chogo akiiona hii miwani," Zabroni alimwambia mkewe, "mimi nahama mji."

Basi siku ya nusu fainali ya kombe la mkoa upepo ukavuma, vumbi likaingia, lenzi ya jicho la kulia ikahama. Saa ile ile mshambuliaji akapasiwa mpira. Zabroni akapuliza filimbi ya kuotea bila kuona chochote. Kwa bahati alikuwa amepatia. Lakini alirudi nyumbani bila raha, maana alijua amebahatisha.

Wiki hiyo hiyo kamati ya waamuzi ikamteua achezeshe fainali. Jamani, mechi hiyo aliiota tangu alipoanza kushika filimbi! Na ilikuwa nafasi yake ya mwisho, kwa sababu mwaka uliofuata angestaafu kwa umri.

"Fainali sibahatishi," alisema. Kesho yake akaenda hospitali ya macho kuulizia ule upasuaji wa leza unaorekebisha macho.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole, Daktari Tausi. Zabroni aliketi, akasimama, akaketi tena.

"Kaka, kiti kina miiba?" daktari aliuliza.

"Hapana, daktari. Inauma?"

"Kiti?"

"Upasuaji!"

"Tunaweka matone ya ganzi. Utahisi kama unabanwa kidogo, basi."

"Nikipepesa macho je?"

"Kuna kifaa kinashikilia kope. Hata ukitaka kupepesa hutaweza."

"Nikipiga chafya?"

"Mashine inalifuatilia jicho. Likihama sana, inasimama yenyewe."

"Nitalala pale muda gani?"

"Leza yenyewe ni sekunde kwa kila jicho. Utaondoka kitandani kabla ya muda wa mapumziko ya mechi yako."

"Naweza kupofuka?"

Hapo daktari hakucheka. "Ni nadra sana. Lakini hakuna upasuaji usio na hatari hata chembe, na atakayekuambia upo anakudanganya. Wengine macho hukauka kwa muda. Wengine huona miduara kwenye taa usiku, kisha hupungua."

"Na miwani naachana nayo kabisa?"

"Ya kuonea mbali, kuna uwezekano mkubwa. Ya kusomea itakuja tu. Una miaka arobaini na minne, na leza haizuii uzee."

"Aa, ya kusomea haina shida. Nitasomea chumbani."

Akaaga. Akafika mlangoni, akarudi. "Na nikiogopa nikainuka?" Akajibiwa. Akatoka, akarudi tena kuuliza kama ataweza kuoga. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakaanza kuguna.

Daktari akamkalisha kwa mara nyingine. "Sasa nisikilize mimi. Ukifanyiwa mapema, fainali itakukuta umeshapona, utakimbia vizuri. Lakini kuna sharti. Lenzi zinalikandamiza jicho na kubadilisha umbo lake. Zivue leo. Wiki mbili nzima uvae miwani tu, jicho lirudi kwenye umbo lake, ndipo nipime. Leza inakata kwa kufuata vipimo, na ikishakata hakuna kubandika. Umenielewa?"

"Nimekuelewa sana, daktari."

Na kweli alielewa. Asubuhi iliyofuata alivaa miwani yake, akafungua mlango, akafika getini. Akasikia sauti ya Chogo barabarani, anamtania muuza maziwa, watu wanacheka. Zabroni akageuka, akaingia ndani, akaweka lenzi. Kesho nitaanza, alijisemea.

Hiyo kesho haikufika. Ikawa kila siku ana sababu: leo kuna kikao, leo kuna mazoezi, leo mgeni anakuja. Mwisho akawa analala nazo machoni, maana majirani wa kule hugonga mlango alfajiri na kuingia bila hodi ya pili.

"Baba Lusajo, miwani iko wapi?" mkewe alimuuliza.

"Mfukoni."

"Mfukoni inaona nini?"

"Mke wangu, niache. Moyo wenyewe haujatulia."

Haukutulia kweli. Kutwa yuko na simu, anamtumia daktari maswali. Siku ya upasuaji naruhusiwa kula ugali? Naruhusiwa kupiga magoti kusali? Nilalie upande gani nikirudi? Nivae shati la vifungo? Daktari wa watu alijibu yote. Nawaambieni, mwanamke yule ana subira, mimi ningeshamfungia namba.

Siku ikafika. Zabroni alizivua lenzi nyumbani, akavaa miwani, akajifunika kofia mpaka kwenye nyusi, akaingia hospitali kwa mlango wa nyuma.

"Lenzi ulizivua tangu siku ile?" Daktari Tausi aliuliza.

"Tangu siku ile, daktari."

Akampima. Akakunja uso. Akampima tena. Akachukua miwani ya Zabroni, akaipima nayo.

"Vipimo havilingani."

"Labda mashine imechoka."

"Mashine haijachoka." Akasogeza taa, akachungulia jicho la kulia kwa muda mrefu. "Kuna kidonda hapa. Kaka Zabroni, umekuwa ukilala na lenzi?"

Yule mtu aliyeshindwa kukaa kitako siku zote, hapo aliganda. Matako kitini, macho chini.

"Ni watu, daktari," alisema.

"Watu gani?"

"Wa mpirani. Wangenicheka."

Daktari alivua glavu, akazitupa kwenye ndoo. Alikuwa amekasirika, na hakuficha.

"Umeniuliza maswali mpaka chakula changu kikapoa. Umeniuliza habari za ugali, habari za vifungo vya shati. Nimekujibu kila kitu, na sikukudanganya hata pale penye kutisha. Mimi nimekuuliza swali moja. Moja! Na hilo ndilo ulilonidanganya. Unajua ningefanya nini leo kama nisingerudia kupima? Ningelikata jicho lako kwa kufuata uongo wako, na lingebaki hivyo."

"Nisamehe, daktari. Basi tufanye kesho."

"Kidonda kipone kwanza. Kisha miwani tu, mpaka jicho litulie. Kisha tupime upya."

"Na fainali?"

"Itakuwa imepita."

"Nitachezesha na lenzi, mara moja tu."

"Juu ya kidonda? Na vumbi lile? Ulipoteze jicho kabisa?"

"Basi na miwani! Na wanicheke!"

"Hii ya vioo? Mpira ukikupiga usoni, vipande vinaingia ndani. Hapana, kaka. Siwezi kukuruhusu."

Zabroni alitoka, akasimama ukutani nje ya chumba, akampigia simu katibu wa waamuzi. Alimweleza ukweli wote. Katibu alimpa pole, na fainali akapewa mwenzake.

Sasa ikabidi arudi nyumbani. Lenzi amekatazwa, miwani asipovaa atagongwa na bodaboda. Akaivaa, mchana kweupe, akatembea. Kofia aliisahau hospitali. Kila aliyepishana naye, Zabroni alidhani anamcheka. Alipofika njia panda, ni nani aliye pale chini ya turubai, na spana mkononi? Chogo.

Zabroni alitaka kuvuka barabara, lakini ameshaonwa. Chogo akasimama. Akamtazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, taratibu. Zabroni alikaza meno akingoja.

"Refa," Chogo alisema, "umepungua."

"Nini?"

"Umepungua bwana. Unaumwa? Habari za fainali zimeshafika hapa, kwamba umeiacha. Kusema ukweli imeniuma. Sisi tunakutukana, ndiyo, mpira bila hivyo hauna raha. Lakini haki ulikuwa unaitoa."

Zabroni alimsogelea mpaka wakakaribia kugusana pua. "Chogo, nitazame. Usoni. Huoni kitu?"

Chogo alikodoa macho. Akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto, anatafuta.

"Ee... umenyoa ndevu?"

Zabroni alikaa juu ya kreti la soda, akashika kichwa. Siku zote zile angeweza kupita hapa na miwani yake, akaamkiwa, akapita. Leo angekuwa ameshafanyiwa, na fainali ingekuwa yake. Akalia, mtu mzima, mbele ya tairi la baiskeli lililopasuka, na Chogo akabaki anamuuliza kulikoni, anaumwa wapi.

Macho yake yalikuja kufanyiwa baadaye, safari hii kwa vipimo vya kweli, na anaona vizuri mpaka leo. Fainali aliitazama kutoka jukwaani, amevaa miwani, katikati ya watu. Hakuna aliyesema neno. Mwaka uliofuata umri ukamtoa, na mechi ile hakuichezesha kamwe maisha yake yote.

Mtumie yule ndugu yako anayemficha daktari kitu kwa aibu. Unamjua.

Funzo: Daktari akikuuliza, mwambie kweli hata ukiona haya, kwa sababu jicho ni lako peke yako, na wale unaowaogopa hawana hata muda wa kukutazama.