Kitambaa Alichofuma Bi Zamda

Hadithi hii imepita mikono mingi kabla ya kunifikia, na aliyenitumia hakuandika neno lolote juu yake. Nilipofika mwisho nikaelewa kwa nini. Kama una mgonjwa nyumbani, isome polepole, kisha mpe na mwingine mwenye mgonjwa.

Palikuwa na mzee mmoja wa Tanga, mkazi wa Ngamiani, akiitwa Mzee Mhando. Alikuwa karani wa ofisi ya katani mpaka alipostaafu. Mtu wa magazeti na redio, wa aina ile inayokujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Mkewe, Bi Zamda, alikuwa mfumaji. Nyumbani kwao kila kitu kilikuwa na kitambaa chake: makochi, redio, meza ya kulia, hata chupa ya chai ilivalishwa kikofia. Kwa Bi Zamda kitu cha thamani kikiachwa wazi ni sawa na mgeni wa heshima aliyeketishwa chini. Majirani walimtania kwamba iko siku atamfumia na mumewe, naye akiwajibu kuwa uzi unaomtosha haujaletwa mjini.

Walijaliwa mtoto mmoja tu, Mwajabu, aliyeolewa akaenda kuishi Maskati. Huko akamzaa binti, Zuwena, ambaye babu na bibi hawakuwahi kumshika. Zama zile simu za kuonana uso kwa uso zilikuwa bado hazijafika mikononi mwa watu wa kawaida. Kwa hiyo Mwajabu aliwatumia wazazi wake kompyuta na kamera yake ndogo, wawe wanaonana kwa mtandao kila Ijumaa alasiri.

Bi Zamda aliipokea huku analia. Wiki ileile akalifumia boksi la kompyuta kitambaa cheupe chenye maua, kilicholifunika juu, ubavuni na nyuma mpaka mezani. Mtu akitaka kuiwasha alinyanyua pindo kidogo la mbele, akabonyeza, akalishusha tena taratibu. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu ya ile kompyuta, na Mzee Mhando aliifuata bila kukosa.

Lakini kompyuta haikuwapa raha. Kila Ijumaa ilianza vizuri, wakasalimiana na Mwajabu, wakaulizana hali. Kabla hawajaingia kwenye mazungumzo yenyewe, picha ilianza kukatakata, feni ikalia kwa nguvu, kisha kila kitu kikaganda. Zuwena, ambaye kila mara alikuwa anavutwa kutoka kwenye michezo yake ili aje aamkie, hakuwahi kufika mbele ya kamera kwa wakati. Walizima, wakawasha, ikaganda upya. Waliona ni kawaida ya vitu vya kisasa, wakacheka, wakamalizia maongezi kwa simu.

Kisha Bi Zamda akaugua figo, na kicheko kikaisha.

Madaktari hawakuficha kwamba hatapona. Walimrudisha nyumbani, kitanda chake kikawekwa sebuleni apate hewa ya dirishani. Mwajabu naye alikuwa na mimba yenye matatizo, ameambiwa asipande ndege hata kidogo. Alilia kwenye simu mpaka mama yake ndiye akawa wa kumbembeleza.

Siku moja Bi Zamda alimwita mumewe, akamwonyesha picha za Zuwena zilizotundikwa ukutani.

"Baba Mwajabu, hizi nimeziangalia mpaka zimechoka. Picha haikuangalii. Mimi nataka huyu mtoto aniangalie, hata mara moja tu."

Tangu siku hiyo Mzee Mhando hakuwa na kazi nyingine duniani. Aliuliza kila aliyedai kuijua kompyuta. Akasoma gazetini kuhusu prosesa za viini viwili. Akaelewa kwamba prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, kwamba ya kwao ina kiini kimoja kinachohangaika peke yake, na kwamba yenye viini viwili hugawana kazi na kwenda kasi. Alimsomea mkewe habari ile mara mbili. Ugonjwa wa kompyuta ulikuwa umejulikana, na dawa yake imepatikana.

Akaibeba kwa baiskeli yake hadi kwa fundi Hiza, aliyekuwa na kibanda karibu na stendi ya zamani. Fundi aliiweka juu ya meza yake, akaiwasha, akafungulia filamu, akaendelea na kazi nyingine. Mzee Mhando alikaa kwenye benchi akisubiri igande. Asubuhi nzima haikuganda.

"Mzee, hii kompyuta mbona nzima?" fundi alisema. "Kubadilisha prosesa ni kweli itaongeza kasi. Lakini kinachoigandisha sidhani kama ni hicho. Nyumbani umeiweka wapi?"

"Sebuleni," alijibu Mzee Mhando, "mahali pa heshima."

Aliliona swali lile ni la kumdharau, kana kwamba nyumba yake ina mashetani. Akamwambia fundi kwamba yeye anajua anachotaka, na kwamba mgonjwa wake hana muda wa kubishana. Fundi akachukua bisibisi. Alifungua boksi, akapuliza vumbi, akatoa na kijifundo cha nyuzi nyeupe kilichokuwa kimejisokota kwenye feni. Akakitupa, akafunga prosesa mpya ya viini viwili. Baiskeli ya Mzee Mhando ilibaki palepale kibandani, maana ndiyo iliyokuwa malipo.

Aliporudi nyumbani na kuiwasha, kompyuta ilifunguka upesi kuliko walivyowahi kuona. Bi Zamda alitabasamu, akasema basi mgeni mpya naye apewe nguo mpya.

Akaanza kufuma. Alifuma amelala, akipumzika kila baada ya mistari michache. Safari hii alichagua uzi mzito, akakifanya kipana zaidi, kwa sababu kitu kilichotafutwa kwa taabu kiasi kile kilistahili kuhifadhiwa zaidi. Mumewe alimsihi asijichoshe. Akamjibu kwamba hiyo ndiyo shukrani pekee anayoweza kuitoa akiwa kitandani. Kilipokwisha, Mzee Mhando alikitandaza mwenyewe juu ya kile cha kwanza, akakinyoosha kila upande mpaka mkewe akaridhika.

Ijumaa ikafika. Siku hiyo jua la Tanga lilikuwa halina huruma. Waliketi mapema, Bi Zamda amevaa kanga yake nzuri, ameegemezwa mito. Mwajabu alikuwa ameahidi kwamba leo mtoto atakuwa wa kwanza mbele ya kamera.

Picha ikaja, safi kama dirisha. Zuwena alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu, nywele zimesukwa, anachezea ushanga. Mama yake akamwambia amtazame bibi. Mtoto akanyanyua uso, akapepesa macho.

Picha ikaganda.

Safari hii iliganda mapema kuliko siku zote. Kwenye kioo alibaki Zuwena, uso umeelekea kwa bibi yake, macho yamefumbwa. Mzee Mhando alibonyeza huku na huku. Alizima, akawasha, na safari hii haikuwaka kabisa.

Bi Zamda aliendelea kukitazama kile kioo cheusi.

"Mbona alifumba macho?" aliuliza.

Mumewe alimwambia Ijumaa ijayo atayafumbua. Lakini Bi Zamda hakuifikia. Alizikwa katikati ya wiki, na Mwajabu akayasikia mazishi ya mama yake kwa simu, akiwa amelala hospitalini ugenini.

Nyumba ikawa kubwa. Watu walikuja, wakasoma hitima, wakala, wakaondoka. Mzee Mhando aliacha kununua gazeti. Alikaa sebuleni akitazama pale palipokuwa na kitanda, na chuki yake yote ikaenda kwa ile kompyuta. Hakuigusa. Aliona hata kuiuza ni kuipa heshima.

Ijumaa moja baada ya arobaini, upweke ulimzidi. Alitaka kushika kitu kilichopita mikononi mwa mkewe mwishoni. Akavitoa vile vitambaa viwili juu ya boksi, akakaa navyo mapajani kama mtu aliyepakata mtoto. Wakati huo Mwajabu akapiga simu, akamwomba baba ajaribu kompyuta. Alisema amejifungua salama, anataka kuuona uso wa baba yake. Mzee alikubali ili asimvunje moyo tu. Hakutegemea hata taa iwake.

Ikawaka.

Picha ikaja. Mzee akasubiri igande. Wakasalimiana, haikuganda. Mwajabu akalia, akanyamaza, akamwonyesha mtoto mchanga, wakaongea habari za msiba tangu mwanzo hadi mwisho, na bado haikuganda. Jua lilikuwa lilelile, na sebule ileile. Kisha Zuwena akaja mbele ya kamera, akatulia, akamtazama babu yake.

Macho yalikuwa ya Bi Zamda. Yaleyale, hata namna ya kukuangalia mpaka wewe uone haya.

"Babu, bibi yuko wapi?" aliuliza mtoto. "Mama alisema anataka nimwangalie."

Mzee Mhando aliinamisha kichwa asionekane, na ndipo alipoviona vile vitambaa. Upande uliokuwa ukikaa nyuma ya boksi, kwenye matundu ya kutolea joto, uzi mweupe ulikuwa umekuwa wa kahawia, kana kwamba umesahauliwa chini ya pasi. Akalitazama boksi lililo wazi likipuliza hewa yake. Akaikumbuka asubuhi ile kwenye meza ya fundi, ambako halikufunikwa na chochote. Akakumbuka swali alilolikataa. Hata prosesa ile ya zamani ingetosha. Alikuwa ameitia kompyuta nguvu mpya, yenye joto zaidi, kisha wakaiziba pumzi kwa mapenzi yao yote.

"Baba," Mwajabu aliuliza, "umeitengeneza lini? Leo haikatiki."

"Imepona yenyewe, mwanangu," alisema.

Ukweli huo hakumwambia mtu yeyote mpaka alipokuwa mgonjwa yeye mwenyewe. Jioni ile, walipoagana, alizima kompyuta, na mkono wake kwa mazoea ukakiinua kitambaa ili aifunike. Ukafika juu ya boksi, ukasimama hapo. Hakuwa na nguvu ya kukishusha, wala hakuwa na mahali pengine pa kukiweka.

Funzo: Kabla ya kutafuta nguvu zaidi, inua kwanza ulichokifunika kwa mkono wako mwenyewe, maana wapo tunaowapoteza kwa kitu kizuri ambacho hatukuwa na moyo wa kukiondoa.